Mashelisheli Yaliyofungwa kwa Nailoni

Jumatatu, 3 Februari

Shangazi Telesia kapiga simu kutoka kisiwa cha Savai'i. Anakuja! Jumamosi anapanda meli, Jumapili baada ya ibada anakula chakula cha mchana kwangu. Akishakula atatamka nani arithi cheo cha ukoo, kilicho wazi tangu tumzike Baba Mkubwa. Neno lake ndilo la mwisho. Wazee wengine wameshamwachia, wanamwogopa.

Tunaotajwa ni wawili. Mimi, Fereti. Na Uele, mtoto wa Baba Mdogo, jirani yangu. Kati yetu kuna mstari wa mawe tu. Mimi ni mkubwa kwa umri. Yeye ana mashamba. Kwetu anayetaka kuongoza hutumika kwanza, na kutumika ni kulisha watu. Mimi nimelisha watu? Nimewalisha maneno.

Na hapo ndipo penye tabu. Shangazi hataki kuona samaki wa kopo. Anataka taufolo: shelisheli lililochomwa, likapondwa lingali moto, likazamishwa kwenye tui la sukari ya kuungua. Na anataka litoke kwenye mti wangu, ule ninaomwambia kila Krismasi kwamba unavunjika matawi kwa kuzaa. Nikasema karibu sana, Shangazi. Nikakata simu, nikatoka nje kuutazama. Majani mazuri ajabu! Tunda, hakuna hata moja. Haujawahi kuzaa tangu niupande.

Jumanne, 4 Februari

Nilisikia zamani kwamba mti mvivu ukitishwa huzaa. Asubuhi nimeupiga kwa mgongo wa panga, nikautukana na ukoo wake wote. Kugeuka, Uele huyo kwenye mstari wa mawe, na magimbi begani.

"Kaka, huo mti umekukosea nini?"

Nikamjibu naua sisimizi. Akatazama panga, akautazama mti, akasema sisimizi wa siku hizi wagumu kweli. Akaenda zake. Hakucheka. Afadhali angecheka.

Sinapati, mke wangu, kasema dawa ni moja: nimwombe Uele. Mishelisheli yake imejaa na hajawahi kumnyima mtu. Nikamwambia nikimwomba, Shangazi atakula jasho la Uele kwenye sahani yangu, na cheo kitaondoka na sahani. Kasema haya, baki na sisimizi wako.

Jumatano, 5 Februari

Alasiri Uele na nyumba yake yote wamekwenda mazoezi ya kwaya. Kijiji kizima kimekwenda. Mimi nimejisingizia koo.

Nimevuka mawe na upondo. Nimeangua makubwa, ya kijani kibichi, yenye kung'aa. Sikuyahesabu, mwizi anayehesabu ana roho ngumu kuliko yangu. Utomvu umenimwagikia kichwani. Nywele zimegandamana, na vidole viwili vya mkono wa kulia haviachani hadi sasa ninapoandika.

Kisha kazi kubwa. Nimepanda mti wangu na nailoni ya kuvulia samaki, nikayafunga moja moja kwenye matawi. Nimeshuka, nikarudi nyuma hatua chache kutazama. Yamependeza! Kwa mara ya kwanza nimeuonea fahari mti wangu.

Sinapati karudi, kasimama chini yake, kaishika nailoni moja kwa vidole. Kisha kasema hata Yesu alipoukuta mtini hauna matunda hakuufungia ya jirani. Akaingia ndani. Chakula cha jioni sijaandaliwa.

Alhamisi, 6 Februari

Habari imeenea. Watu wanapita wakisimama. Mama mmoja kaniuliza mbolea gani. Nimesema subira.

Saa nne kaja Mchungaji mwenyewe. Kavua kofia. Kasema miaka yote akipita hapa alikuwa akiuhurumia mti huu, na leo ameona Bwana hamwachi mja wake. Tufumbe macho tushukuru. Nikafumba. Katikati ya sala nikasikia tawi linalia. Nikafumbua jicho moja: shelisheli limeteleza kutoka tawini, lakini nailoni imelishika, linaning'inia na kuzunguka polepole juu ya kichwa cha mtumishi wa Mungu. Yeye anaendelea kushukuru mvua, jua, na mikono yangu yenye bidii. Nikasema amina kwa sauti kubwa kabla hajafika mwisho. Nikamshika kiwiko nikamsogeza.

Kaahidi kuutaja mti wangu Jumapili madhabahuni. Nimemsihi asinitaje. Kasema unyenyekevu wangu umemgusa.

Nina aibu. Ninaandika hapa kwa sababu hakuna pengine pa kuisema. Nina aibu ya kunifanya nikohoe nikiwa peke yangu.

Ijumaa, 7 Februari

Siku mbaya. Mbaya kuliko zote.

Uele kaja, na kikapu cha majani ya mnazi kimejaa mashelisheli. Kasimama chini ya mti wangu. Kainua uso. Nimeyaona macho yake yakifuata nailoni kutoka tawini mpaka kwenye tunda, kisha tunda la pili, kisha la tatu. Nikajua ameyatambua. Nani asiyetambua matunda aliyoyalea?

Nikangoja matusi. Nilikuwa na jibu tayari kwa kila tusi.

Kasema, "Naona mwaka huu Mungu amekukumbuka, kaka. Lakini wageni ni wengi, ongezea na haya." Akaweka kikapu. Kasema nimwie radhi, haya ni madogo. Makubwa alikuwa ameyatenga juu mtini tangu mwezi uliopita, kwa ajili ya meza yangu, maana alijua Shangazi atashukia kwangu. Jumatano yametoweka. Labda popo.

Popo hawafungi vifundo. Yeye anajua, na mimi najua kwamba anajua. Akaaga, akaniuliza koo linaendeleaje.

Nimeiba kilichokuwa changu! Nani mwingine ameweza? Nimekaa jikoni na lile kapu mbele yangu na sijaweza kulitazama. Sinapati kapita, kaliruka kapu kama jiwe la njiani. Hilo nalo limeniuma.

Nimeamua. Kosa kubwa linataka toba kubwa. Na toba kubwa, ikifanywa vizuri, inaweza kumpendeza Shangazi.

Jumamosi, 8 Februari

Kwetu mtu akimwaga damu, huenda alfajiri akaketi mbele ya nyumba ya waliokosewa, amejifunika mkeka mwororo kichwa mpaka miguu, kimya. Wakimfunua, amesamehewa. Wasipomfunua, ni panga. Basi nimechukua mkeka mwororo wa Sinapati, ule aliofumiwa na bibi yake, usiotoka sandukuni ila kwa harusi na maziko. Nimekwenda kuketi mbele ya nyumba ya Uele, kwenye changarawe.

Sikujua kwamba Uele ameondoka mapema kwenda gatini kumpokea Shangazi.

Jua limepanda. Chini ya mkeka ni joto la jiko. Nikasikia mtoto anaita wenzake. Nikasikia mama anauliza nani huyo chini ya mkeka, mwingine akajibu miguu ni ya Fereti. Kisha kilio kikaanza. Fereti kaua! Kamuua nani? Wakaanza kuitana majina kuona nani hayupo. Uele hakuitika. Mke wake akaanguka chini akilia. Nilitaka kusema, lakini ukiwa chini ya mkeka husemi. Ndiyo desturi, na mimi ni mtu wa desturi.

Sinapati kaja mbio, kaambiwa mumewe ni muuaji. Nyayo zake zikafika mpaka kwenye mkeka. Ndipo akapiga yowe. "Mkeka wa bibi yangu, kwenye kokoto!"

Hatimaye gari. Milango. Sauti ya Uele inauliza kuna nini, na mke wake akalia upya kwa furaha, kisha wote wakatulia kwa kuchanganyikiwa. Uele hakungoja hata kidogo. Kaja moja kwa moja kanifunua, kanishika mkono. "Inuka, kaka. Inuka, yameisha." Hakuuliza kosa. Nikainua uso, na mbele yangu Shangazi Telesia, na mkoba wake, na kofia ya safari.

"Nani amekufa?" kauliza.

Nikasema hakuna, Shangazi. Ni mashelisheli. Niliyaiba.

Kicheko kilianzia nyuma, kikaja mbele. Mke wa Uele, aliyekuwa akilia ninyongwe, alicheka mpaka akashikiliwa. Watoto walijiviringisha. Shangazi peke yake hakucheka. Kasema ule mkeka umefunika watu waliokuja kuombea roho zao, na mimi nimeufanya kifuniko cha kapu. Kisha katembea mpaka kwangu, kila mtu nyuma yake, kauona mti na nailoni zake. Kanyosha mkono kalisukuma moja ya yale mashelisheli. Likabembea.

"Kata," kasema.

Nimekata moja moja mbele ya kijiji kizima. Kila lililoanguka lilishangiliwa.

Jumapili, 9 Februari

Hakuna aliyempa habari Mchungaji. Jana alikuwa kijiji cha pili kubatiza. Leo kasimama madhabahuni, kaitaja bidii yangu, kausimulia mti wangu kwa dakika nyingi, na ibada nzima ikashikwa na kikohozi. Nimetazama viatu vyangu mpaka wimbo wa mwisho. Sizikumbuki nyimbo. Viatu navikumbuka.

Taufolo tumepika mimi na Uele. Yeye ndiye aliyetaka. Mashelisheli yamechomwa juu ya mawe mpaka maganda yakawa meusi, nikamenya nikiungua, nikaponda. Yeye kakuna nazi, kakamua tui, kaunguza sukari na kuikoroga ndani mpaka ikawa rangi ya chai. Tukakata vidonge, tukavizamisha. Shangazi kala bakuli, kaongeza. Kasema hajala nzuri hivi tangu ujana wake. Nikainua kichwa. Moyo ukanidanganya.

Kanawa mikono, katamka. Cheo ni cha Uele.

Uele kapinga! Kapiga goti, kasema si zamu yake. Ndipo Shangazi kanigeukia. Kaniambia Uele alimpigia simu wiki tatu zilizopita kumwomba cheo anipe mimi, kwa sababu mimi ni mkubwa, na yeye yuko tayari kunitumikia. Naye Shangazi alikubali. Safari yote hii ilikuwa kuja kunivika mimi.

"Ulitakiwa ukae tu, Fereti. Ukae, ule."

Sijui nilivyotoka nje. Nimelia nyuma ya jiko, kwa sauti, mtu mzima. Sinapati kaja, kakaa karibu nami, mkeka magotini, akichomoa changarawe kwenye nyuzi. Hakunifariji. Lakini hakuondoka.

Jumatatu, 10 Februari

Shangazi karudi kwa meli ya asubuhi. Kanipa mkono, hakunipa shavu.

Mchana kaja Uele. Sasa ni mkuu wangu, inabidi niinamishe kichwa akipita, na yeye ndiye aliyeinamisha. Kaniletea machipukizi ya mshelisheli, kayachimbua mwenyewe kwenye mizizi ya mti wake bora, mengi, yamefungwa kwa majani mabichi. Kasema niyapande kandokando ya mstari wa mawe. Yakikua, watoto wangu waangue upande huu, wake upande ule, na asiwepo wa kumuuliza mwenzake. Nimemkumbatia. Nimeapa moyoni kwamba mimi na ujanja basi.

Nikaanza kuchimba. Udongo wa upande wangu ni mgumu, una mawe. Wa upande wake ni mweusi, laini. Na mtu akishapanda mti, katika kijiji hiki nani amewahi kumwambia kwamba ardhi chini yake si yake? Mstari wenyewe uliwekwa na marehemu Baba Mkubwa, tena akiwa haoni vizuri. Nikavuka mawe kidogo. Hatua mbili. Kwa mche wa mwisho, hatua kumi.

Nilikuwa nikiufukia nikaona kivuli. Uele. Nilidhani leo nimekwisha. Kumbe kabeba ndoo ya maji. Kamwagilia mche mmoja mmoja, mstari mzima, mpaka ule ulio karibu na mlango wa jiko lake. Kasema nimepanda vizuri, kaka, kwa nafasi nzuri.

Uso umeniwaka kwa aibu, sikuweza kumtazama. Nimemwomba kesho aniletee miche mingine kumi.