Skarbek Kwenye Mstari wa Ishirini na Nne

Jumatatu, 15 Septemba

Siku ya kihistoria! Naiandika kabla haijapoa. Mimi, Casimir Ruhl, mwenye shahada ya falsafa ya daraja la kwanza, mwanafunzi wa udaktari tangu Agosti, leo nimeiokoa timu ya Korongo nikiwa na kisu mkononi na mafuta ya maiti hadi viwikoni.

Nifafanue. Leo ilikuwa mechi ya kwanza ya fainali ya besiboli, sisi na Duluth; atakayetangulia kushinda mechi tatu ndiye bingwa. Korongo hawajatwaa ubingwa tangu babu yangu akiwa kapera. Nilipanga kutoroka maabara ya anatomia saa tisa. Gretchen Voss akanizuia mlangoni. Huyu ni mwenzangu wa Meza ya Kumi na Nne, binti wa mwenye bucha huko Sandusky. Anashika kisu kama wengine tunavyoshika kalamu, na kubembeleza hajui. Akasema kwamba kwa wiki tatu mimi nimekuwa nikisoma kitabu kwa sauti huku yeye na Tobias, mwenzetu wa tatu mezani, wakikwangua mafuta, na kwamba leo, bwana mkubwa, zamu ni yako. Nikamweleza kwamba katika kila kazi kubwa pana watu wa mikono na pana watu wa nadharia. Akanitia koleo mkononi.

Saa kumi na moja Korongo walikuwa nyuma kwa pointi nne. Nikaanza kusafisha kigasha, sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kiganja. Mara kelele kwenye korido: wamesawazisha! Nikakwangua kwa bidii zaidi. Wameshinda!

Anayelala mezani kwetu tunamwita Bibi. Jina lake hatuambiwi. Karatasi inasema tu: miaka themanini na minane, moyo. Aliutoa mwili wake kwa hiari ili watu kama sisi tujifunze, na desturi ya meza yetu ni kumwambia asante kabla ya kuanza. Leo nimemwambia mara mbili.

Jumanne, 16 Septemba

Uwanjani. Tumefungwa tisa kwa moja. Aibu.

La kushukuru: nafasi. Uwanja ulijaa hadi ngazini, lakini harufu ya fomalini, dawa ya kuhifadhia maiti, haitoki mwilini kwa sabuni wala kwa sala. Mzee mmoja mwenye soseji iliyopakwa haradali alinusa kushoto, akanusa kulia, kisha akaniuliza mwanangu, unafanya kazi gani. Nikamweleza. Akahama na soseji yake. Wa nyuma yangu nao wakahama. Nikabaki na viti vitano, nikanyoosha miguu kama mfalme, na kama mfalme nikatazama jeshi langu likiangamizwa.

Njiani nimefikiri. Nikiwa maabara, ushindi. Nikiwa uwanjani, maangamizi. Mtu asiyesoma angesema ni bahati nasibu.

Jumatano, 17 Septemba

Hakuna mechi. Nimemweleza Gretchen ugunduzi wangu kwa mpangilio, hoja kwa hoja. Akasikiliza bila kuinua macho kwenye neva aliyokuwa akiifuata. Akauliza: jogoo akiwika na jua likachomoza, tumlipe jogoo mshahara? Nikamjibu kwamba hajawahi kumnyamazisha jogoo akaona kitakachotokea. Tobias Lindqvist, ambaye huzungumza mara moja kwa wiki, alicheka. Ndiyo ikawa mara yake.

Gretchen akanikumbusha kuhusu Jumatatu. Mtihani wa maabara, maswali hamsini. Anayepata chini ya sabini hurudia mara moja tu. Akianguka tena, anakiaga chuo. Nikamwambia asiwe na hofu kwa ajili yangu. Akasema hofu yake si kwa ajili yangu, bali ni kwamba nikifukuzwa meza itabaki na mikono minne.

Alhamisi, 18 Septemba

Mechi ya tatu, kule Duluth. Nimekaa maabara saa tatu nzima kwenye bega la Bibi. Nimetenganisha kila msuli, nimezisafisha neva zote hadi zikang'aa kama nyuzi za gitaa. Tumeshinda tano kwa nne!

Profesa Ledbetter, mama anayetufundisha anatomia, alipita, akainama, akaniuliza nani amefanya hili bega. Nikamwambia ni mimi. Akamtazama Gretchen ili apate uhakika. Gretchen akasema ni kweli, Profesa, na laiti besiboli ingechezwa mwaka mzima, tungekuwa tumeshafika kwenye unyayo. Profesa hakuelewa. Namshukuru Gretchen kwa kutofafanua.

Ijumaa, 19 Septemba

Msiba. Maabara imefungwa! Wanachomeka pini za mtihani kwenye maiti, kila pini na swali lake, na hakuna mwanafunzi anayeruhusiwa kuingia hadi Jumatatu. Hakuna aliyenionya. (Gretchen anasema lilitangazwa mara nne. Inawezekana nilikuwa nafikiri.)

Nilimwendea Bwana Ferrante, mlinzi wa funguo. Nikamwambia sitaki kuona pini yoyote, nataka tu kusimama ndani nikiwa nimefunga macho, kwa saa tatu. Akasema, kijana, nimekaa kwenye mlango huu miaka ishirini na sita, nimesikia uongo wa kila aina, lakini huu wako hata sijui unataka kuiba nini. Nikajitolea afunge macho yangu kwa kitambaa chake mwenyewe. Akanikaribisha kahawa, akanielekeza njia ya kutokea.

Nikasimama nje nimeubandika mgongo mlangoni. Tumefungwa tatu kwa mbili. Mlango ule una unene wa sentimita nne. Pointi moja! Kama wangeujenga mwembamba, leo tungekuwa mabingwa.

Mbili kwa mbili. Mechi ya mwisho ni Jumatatu, kuanzia saa saba mchana; itaamuliwa kwenye saa tisa.

Mtihani ni Jumatatu, saa tisa.

Nimeketi kitandani nikacheka peke yangu. Nani tena atasema ni sadfa? Nitakuwa maabara, kwa amri ya chuo chenyewe!

Jumapili, 21 Septemba

Gretchen amenialika kwake kudurusu, na mama yake ameleta pierogi, vifurushi vya unga vilivyojazwa viazi, kutoka Sandusky. Nimekataa kwa heshima. Nina kazi. Haitoshi kuwapo maabara. Lazima nijue mchezo unavyokwenda, la sivyo nitakwangua gizani. Simu ni marufuku. Lakini babu aliniachia redio ndogo inayoenea kiganjani, yenye waya wa sikio moja. Waya utapita chini ya koti hadi kwenye kofia ya plastiki. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Nafanana na daktari mwenye mawazo mazito.

Tobias alinigongea mlango jioni akiwa na sahani ya pierogi iliyofunikwa. Akasema Gretchen amesema hata mjinga hula. Zilikuwa tamu mno.

Jumatatu, 22 Septemba

MABINGWA! MABINGWA! Ah, babu, laiti ungekuwapo!

Niandike kwa utaratibu. Kila kituo cha mtihani kina pini moja na swali moja. Dakika moja, kengele inalia, unasogea. Kila baada ya vituo kadhaa huwekwa kiti kitupu cha kupumzikia, kisicho na swali wala namba. Nilianza vizuri ajabu. Bega? Nalijua kuliko jina langu. Kigasha? Rafiki yangu. Sikioni, Korongo nyuma kwa pointi moja.

Nikajibu swali la ishirini na tatu. Kengele. Nikasogea. Raundi ya tisa, ya mwisho, wachezaji wetu wawili wamekwisha kutangulia njiani, na anayekuja kupiga ni Skarbek, mtu mzito, mzee kwa mchezo huu, ambaye wiki yote hakuwa amepiga hata nzi. Nikafumba macho. Gongo likalia. Mtangazaji akapiga ukelele, sauti ikamkauka. Mpira ukapaa, ukavuka ukuta, ukaendelea kwenda: pointi tatu kwa pigo moja!

Niliinua ngumi. Profesa Ledbetter akanitazama kutoka upande wa pili. Nikaigeuza kuwa kunyoosha bega. Kisha nikaandika, kengele ikalia, nikasogea nikiwa nimejaa nuru. Maswali yote yaliyobaki niliyajibu kama mtu anayeimba.

Nimemaliza mstari wa hamsini nikiwa bado na swali moja mbele yangu. Nikadhani wamekosea kuhesabu. Nikawasamehe.

Jumatano, 24 Septemba

Arobaini na sita.

Arobaini na sita kwa mia! Nikaenda kwa Profesa na barua ya kurasa nne.

Akanionyesha karatasi yangu. Mstari wa kwanza hadi wa ishirini na tatu, yote sahihi. Mstari wa ishirini na nne, kwa mwandiko wangu mzuri: Skarbek. Kile hakikuwa kituo. Kilikuwa kiti cha kupumzikia. Niliingia nimefumba macho, na furaha ikatafuta pa kuandikwa. Tangu hapo kila jibu limeshuka mstari mmoja. Neva nimeiita mfupa, mfupa nimeuita mshipa, na mshipa wa damu wa kifuani nimeuhamishia kwapani.

Profesa akaniuliza, kwa upole uliotisha, msuli wa Skarbek unapatikana wapi. Akasema yeye anajua: saa tisa na dakika ishirini na saba ulikuwa unavuka ukuta, maana karani wake alipiga kelele hadi akamwaga chai. Akanyoosha mkono. Nikampa redio. Akaitia kwenye droo na kusema kwamba laiti redio hii ingetangaza anatomia, ningepata zaidi ya arobaini na sita, na hapo kweli angenipeleka mbele ya kamati.

Nilitetea hoja yangu hata hivyo. Nikasema ujuzi ni kamili, umesogea tu. Akaniuliza: "Mgonjwa akikatwa mguu wa kulia badala ya wa kushoto, kijana, daktari aseme ujuzi ni kamili, umesogea tu?"

Sijawahi kushindwa mjadala kwa sentensi moja. Barua sikuitoa mfukoni.

Narudia Jumatatu. Hadi hapo, kila jioni naosha meza zote ishirini. Ningeweza kufukuzwa leo. Namshukuru Profesa kwa moyo wote, na naandika haya bila kejeli.

Jumapili, 28 Septemba

Siku nne za Gretchen. Hakuna jeshi lenye nidhamu hiyo. Ananiinamisha juu ya Bibi, ananionyesha kitu kwa ncha ya koleo, anahesabu kumi. Nikikosea anasema haya, mwanafalsafa, tuanze upya tangu kwenye shingo. Tobias anaigiza kengele kwa kugonga beseni. Na kila kona ameweka kiti kitupu, na nikikaribia na kalamu wote wawili wanaguna.

Nimemwuliza Gretchen kwa nini anahangaika nami. Akasema baba yake hamfukuzi kijana wa bucha kwa kukata nyama vibaya, humfukuza kwa kutojali, na bega lile halikufanywa na mtu asiyejali. Kisha akasema niache kusinzia, hapo ni kano gani.

Leo waliondoka kabla yangu, nikabaki kuosha meza. Niliushika mkono wa Bibi ili niurudishe chini ya shuka. Nimezijua kano zake zote za vidole, na sijui hata alipenda kunywa nini asubuhi. Alimwachia mkono huu mtu asiyemjua, na mtu mwenyewe nikawa mimi, mwenye redio kofiani. Nilimwomba radhi. Nikamwambia asante kwa sauti, nikiwa peke yangu.

Jumanne, 30 Septemba

Themanini na nane! Nabaki! Nimemkumbatia Tobias, nimemkumbatia Bwana Ferrante, nimemkaribia Gretchen akanipa mkono wa kushikana tu, lakini kwa nguvu. Profesa Ledbetter alisema sasa bila shaka umejifunza jambo, Ruhl. Nikamwambia nimejifunza mengi, Profesa.

Na ni kweli. Nimekaa jioni nzima nikiyapitia matukio bila upendeleo, na nakiri kosa langu la awali. Haikuwa maabara. Alhamisi nilikuwa maabara tukashinda kwa pointi moja tu, ushindi wa mashaka. Ubingwa wenyewe ulikuja siku niliyofeli, tena dakika ileile! Ubingwa mmoja kwa mtihani mmoja. Bei ni halali kabisa, na anayeidharau hana shukrani.

Msimu mpya unaanza Aprili, wiki ya mtihani wa ubongo. Mimi siwezi kufeli tena, hilo liko wazi. Lakini hakuna ushahidi wowote kwamba ni lazima niwe mimi. Inatosha awe mtu wa Meza ya Kumi na Nne. Gretchen ana wastani wa tisini na saba. Alama za kupoteza anazo tele. Nitamweleza kesho, hoja kwa hoja, akishakula.