Miisho Miwili ya Shahad

Jumapili, 3 Novemba 2024. Ibra, Omani.

Muzamil katoa kitabu. Muzamil, mtoto wa ami yangu, yule wa Sur anayeuza injini za maboti! Kitabu cha watoto, kwa Kiswahili, kurasa ishirini na nne, juu ya paka. Paka anakufa ukurasa wa mwisho. Mke wangu Saleha amekisoma mara mbili na mara zote mbili kalia. Mimi sijapata kumliza Saleha ila siku niliyoligonga geti la mamaake kwa gari.

Lakini leo nimepata dawa ya Muzamil. Tangazo kwenye simu: mchapishaji mmoja wa ng'ambo ametangaza shindano la riwaya fupi za Kiswahili kwa ajili ya vijana, juu ya vijana ambao vitabu vyetu haviwaoni. Wametoa na mifano. Viziwi. Watoto wa wahamiaji. Mayatima. Wasichana wanaopenda wasichana, wavulana wanaopenda wavulana.

Nikapiga hesabu. Juu ya mayatima wataandika watu mia. Juu ya hao wa mwisho nani atathubutu? Hakuna. Basi atakayethubutu keshashinda.

Mimi Tuwaini, mwalimu wa udereva, miaka hamsini na tatu, sijui lolote juu ya jambo hili. Nitathubutu kwa jina la bandia. Hapa kwetu mambo haya hayaandikwi, na mwenye kuyaandika huweza kuulizwa maswali na watu wasiocheka.

Jumanne, 5 Novemba

Kazi inakwenda mbio. Wasichana wawili wa Sur, Shahad na Samah, miaka kumi na minane, wanapendana. Nikakwama hapo. Wakishapendana wanafanya nini? Wanazungumza nini? Nimewafanya waandikiane barua. Mwisho nimeupata mara moja: Shahad anagongwa na lori kwenye mzunguko wa magari, ule ninaouita duwari. Lori nalijua. Duwari naijua. Nililia mwenyewe nilipoandika, nikajiona nimempita Muzamil kwa mbali.

Huandika kwa mdomo. Nasema kwenye simu huku nikiwangoja wanafunzi, halafu nakaa kunakili. Leo simu ikajiunganisha na spika za gari wakati Bi Fakhriya yuko kwenye usukani. Bi Fakhriya ni wa Mudhaibi, kazaliwa Unguja, ana miaka sitini na mbili, na ananitesa kwa kurudi nyuma: mapipa yote ya uwanja wa mtihani kayagonga. Ghafla sauti yangu ikajaa garini: "Ewe Samah, moyo wangu unakutambua rasmi."

Sikuwahi kuizima. Alisikiliza barua nzima na ya pili yake. Nikangoja anipeleke kwa mumewe au kwa wakubwa zaidi. Aliniuliza tu kwa nini wasichana hawa wanazungumza kama wako mahakamani. Kisha akaniomba nisizime, anataka kujua kama Samah atajibu. Akarudi nyuma moja kwa moja, pipa hata moja hakuligusa.

Alhamisi, 7 Novemba

Zabibu amesoma mswada. Zabibu ni wa Tanga, anafanya kazi kwetu mwaka wa nne, na ndiye mwenye Kiswahili kizuri kuliko sote nyumbani. Kakuta makosa mia na kumi. Kafuta duwari zote, kaandika kipilefti. Nikambembeleza aniazime jina lake liwe juu ya kitabu, maana yeye mwakani anarudi kwao. Akanijibu kwa adabu zote kuwa yeye naye ana mama, na mamaake anajua kusoma. Kama nataka jina la mwanamke, nitumie la mama yangu mimi. Nimeona haya kidogo. Kidogo tu. Nitatumia Binti Rasmi.

Arwa kafika jioni kutoka Nizwa. Binti yangu, miaka ishirini, anasoma chuo kule, huja kila mwisho wa wiki na begi la nguo chafu na kitabu. Nilimkuta jikoni, Zabibu anamsomea mswada kwa sauti, maana Arwa Kiswahili anakisikia lakini kukisoma kunamchosha. Walikuwa wanacheka kwenye barua. Si mahali pa kuchekea.

Ijumaa, 8 Novemba

Baada ya chakula cha mchana nilikuwa naosha gari. Arwa akaja akasimama karibu na mpira wa maji. Akaniuliza kwa nini Shahad anakufa.

Nikamweleza sanaa. Msomaji lazima alie, na kwa ajili hiyo lazima mtu afe. Nikampa mfano wa paka.

Akasema, "Baba, vitabu vya vijana kama Shahad navitafuta tangu niko skuli. Vya Kiingereza, vya Kiarabu, chochote. Nimepata kumi na vinne. Katika tisa tunakufa."

Nikamwambia viatu vyake vitaroa. Akaenda ndani.

Niliosha mlango mmoja mara tatu.

Naliandika neno lenyewe hapa ili nisijidanganye kesho: tunakufa. Hakusema wanakufa. Mimi ni mwalimu wa udereva lakini tofauti ya "sisi" na "wao" naijua. Nikakumbuka maneno mengi ya miaka mingi, kila moja likaenda likakaa mahali pake. Niliogopa. Si kwa ajili ya kitabu. Nilikaa garini, injini imezimwa, mikono kwenye usukani, mmoja kwenye kumi na mmoja kwenye mbili kama namba za saa ya ukutani, kama ninavyowafundisha.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimempeleka Arwa Nizwa mwenyewe. Saleha alishangaa, maana siku zote hurudi na gari ya wenziwe. Nikapita njia ya Samail badala ya Sinaw, makusudi, ni ndefu zaidi. Nilitaka kusema jambo. Nikasema juu ya matairi. Upepo wake, namna yanavyolika upande mmoja. Kilomita sabini za matairi.

Kwenye mitende ya Samail nikapata ujasiri wa kuuliza juu ya Shahad. Nikasema kama mtu angetaka kuubadilisha mwisho, Shahad angependa nini?

"Afike kesho yake," akasema. "Aamke, achelewe darasani, agombane na mtu juu ya chaja. Basi. Kesho ya kawaida."

Nikasema hizo ni kurasa nyepesi. Akasema yeye angezisoma kila siku.

Tukaendelea juu ya Shahad mpaka Izki. Akaniuliza kama babake Shahad anajua. Nikasema huenda kajua jana. Akaniuliza kama babake kakasirika. Macho yangu yalikuwa barabarani, alhamdulillahi, barabara ni kisingizio kizuri.

"Babake ni mzito wa kuelewa," nikasema. "Lakini mlango hafungi."

Alipotelemka bweni akaubusu mkono wangu, jambo ambalo hulifanya sikukuu tu. Nikarudi Ibra peke yangu. Nilikosa njia mara mbili, mimi!

Jumanne, 12 Novemba

Nimeandika mwisho mpya. Shahad anaamka. Chaja haionekani. Samah kaichukua. Wanagombana, wanachelewa, wanacheka. Zabibu kasoma mara moja, hakusahihisha hata nukta, akarudi kwenye vitunguu vyake akikwepa kunitazama. Nikajua ni mzuri.

Hapo ndipo akili yangu ilipoanza tena. Majaji je? Majaji wanataka machozi. Paka wa Muzamil hakufika kesho yake, na Saleha kalia mara mbili. Nikakaa nikafikiri, nikapata mpango safi kabisa. Mafaili mawili. Lenye lori liende kwa majaji. Lenye chaja liende kwa Arwa. Kila mtu atapata anachokitaka, na hakuna atakayeumia.

Nimeyatuma yote mawili kwenye uwanja wa mtihani, kati ya mwanafunzi na mwanafunzi, dakika ya mwisho kabla ya shindano kufungwa. Nilijiona mtu mkubwa.

Alhamisi, 14 Novemba

Asubuhi ujumbe kutoka kwa Arwa: "Nimesoma. Ahsante, Baba. Wiki hii siji."

Nilifurahi kama dakika nne. Halafu nikajiuliza kwa nini haji. Nikafungua nilichomtumia.

Lori.

Nimemtumia binti yangu lori. Baada ya Samail, baada ya mlango usiofungwa, nimemtumia kurasa sita za kifo, na ukurasa wa nne nimeuongezea damu. Simu yangu hakupokea. Mara ya pili hakupokea.

Nilikuwa Mudhaibi, Bi Fakhriya yuko kwenye usukani, zamu yake ya mazoezi. Nikamwambia aelekee Nizwa. Akauliza Nizwa ya wapi. Nikasema ni moja tu. Akaendesha kilomita sitini kwa saa, njia nzima, akakataa kulipita trekta. Nilimweleza yote, isipokuwa mambo ya Arwa. Nilisema kuna msomaji mmoja nimemkosea. Alipofika Sinaw akauliza, "Basi yule mtoto yu hai au kafa?" Nikasema inategemea una faili lipi. Akanitazama mpaka nikamwomba atazame mbele.

Arwa akatelemka mpaka geti la bweni. Macho mekundu. Njiani nilikuwa nimetayarisha uongo wa aina mbili, wote mzuri. Nikasema nimekosea kutuma.

Akauliza, "Kwa hivyo miisho iko miwili?"

Uongo ukanitoka kichwani. Nikasema ndiyo. Mmoja wa kuwaliza watu nisiowajua, mmoja wako.

Akafikiri. Akauliza basi hao watu wamepata upi. Hapo ndipo mimi mwenyewe nilipong'amua. Wamepata chaja. Wamepata kesho ya kawaida. Arwa akaanza kucheka, na katikati ya kucheka akalia, na mimi sikujua nishike wapi, nikashika begi lake.

"Usiniue tena, Baba," akasema. "Hata kwenye karatasi."

"Sikuui, wallahi."

Nilimshika bega. Tulisimama pale, watu wanapita na vitabu vyao. Bi Fakhriya akapiga honi; alitaka kujua kama kwenye kilima breki ya mkono inavutwa au inaachwa. Arwa akaenda kumwamkia. Dakika kumi akanisahau kabisa, wanazungumza wao wawili dirishani. Sijui walisema nini. Njiani tukirudi Bi Fakhriya hakuniambia, ila kila tulipofika penye mzunguko alisimama, akatazama pande zote mara mbili, akapita polepole sana.

Jumapili, 19 Januari 2025

Majibu yamekuja. Sikushinda. Kumbe walioandika juu ya jambo hili walikuwa thelathini na moja! Wakati mimi nahesabu hakuna. Majaji wanamwambia Binti Rasmi kuwa kitabu chake kina ugumu kila mahali ila kurasa sita za mwisho, ambazo walizisoma kwa sauti chumba kizima. Wanamwomba aandike upya kitabu chote kwa namna ile. Nimempigia Arwa. Kaniomba nimsomee barua yao tena, polepole.

Muzamil pia alishindana, kwa paka wa pili. Hakushinda wala hakusomwa kwa sauti. Ni siku njema.

Nimeanza kuandika upya. Arwa huja kila Alhamisi, tunakaa jikoni na Zabibu, wanafuta, mimi nanung'unika. Nimeapa mbele ya wote wawili kuwa hafi mtu, na hafi mtu.

Ila nimepata tangazo la shindano jengine, la nchi nyengine, na majaji wake nasikia ni watu wa machozi. Basi nimeweka pembeni mwisho mdogo, ajali ndogo tu, ya akiba. Sikumwambia mtu. Na safari hii hapana kukosea kutuma: mafaili nimeyatia rangi, la kijani la Arwa, jekundu la majaji.