Mtamba Kwenye Jina la Osward

Osward hakuwa na ofisi, wala meza, wala shati lenye vifungo vyote. Hakuwa na shamba katika bonde zima la Kilombero, ambako hata vyura wana makazi yao. Hakuwa na aibu, na hilo lilimsaidia sana. Zaidi ya yote hakuwa na mtamba, na bila mtamba asingempata Luciana wa kijiji cha Mkula, kwa kuwa baba yake Luciana alikwisha kutamka kwamba mkwe asiyekuja na ng'ombe asijisumbue kuja.

Alichokuwa nacho ni simu yenye kioo kilichopasuka na ulimi usio na ufa.

Siku moja, kwenye mashine ya kukoboa mpunga pale Ifakara, alimsikia Polycarp, mfanyabiashara wa mchele, akimsomea mteja wa mbali linki ya ukurasa wake wa picha. Linki ilikuwa ndefu kama treni ya mizigo, herufi kubwa, herufi ndogo, alama na tarakimu, na mteja alikata simu kabla behewa la mwisho halijapita. Osward akasimama wima. Alijua tovuti inayofupisha linki bure, tena inamwachia mtu achague mwisho unaosomeka. Badala ya vurugu ile, linki ya Polycarp ingekuwa fupi na ingeishia na mchele-wa-polycarp. Ni kazi ya dakika moja. Lakini kitu cha bure nani atakiheshimu?

"Kaka, ule mwisho wa linki ni kiwanja," alimwambia Polycarp, kwa sauti ya bwana ardhi. "Jina likichukuliwa limechukuliwa. Akina Polycarp nchi hii wako wangapi? Mmoja akikutangulia, wewe utauza mchele kwa jina la shangazi yako."

Polycarp alitoa gunia la mchele siku hiyohiyo. Getrude, mwenye duka la jirani, aliposikia Polycarp ana kiwanja, naye alitoa gunia, ila akasisitiza apewe cha kona. Osward alimpa cha kona.

Sasa akaona wakati wa ng'ombe umefika. Alikwenda Mchombe kwa Mbuke, mama wa Kisukuma mwenye mpunga mwingi na zizi lililojaa. Akatoa shikamoo ya heshima zote, akaeleza habari za viwanja, huku macho yakimwendea mtamba mwekundu mwenye doa jeupe usoni. Mbuke alisikiliza mpaka mwisho. Akasema mtamba huyo atamtoa, mradi utaratibu ufuatwe. Wazee wake walipohamia bondeni na ng'ombe waliuziwa shamba moja mara mbili. Tangu hapo, kwake hakinunuliwi kiwanja bila majirani kuitwa na mnunuzi kuchomeka kigingi kwa mkono wake mwenyewe.

"Mama, hiki ni kiwanja cha hewani," Osward alisema.

"Basi majirani waje na simu zao."

Mtu mwenye busara angeaga hapo. Lakini mtamba alikuwa akimtazama.

Walikutana kwenye ua wa mashine, Polycarp jirani wa kushoto, Getrude jirani wa kulia. Mbuke aliomba aelekezwe tu, afanye mwenyewe kwenye simu yake. Akabandika linki ndefu ya picha za mpunga wake, akaandika mwisho alioutaka, akabonyeza. Ikakubali.

"Ada inalipwa wapi?"

"Nimeshakulipia, mama."

"Lini, baba? Hili jina nimelifikiria sasa hivi."

Mbuke akatengeneza nyingine kwa jina la mumewe, kisha nyingine kwa jina la mbwa wake. Zote zikakubali. Getrude akatoa simu naye akajaribu, akajipatia kona tatu bila jasho. Polycarp alikwenda kusimama langoni.

"Na chako kiko wapi, mwanangu?" Mbuke aliuliza kwa upole.

Hakuwa nacho. Aliuza majina ya watu, lake akalisahau. Mbuke akaandika osward-wa-ifakara, akaielekeza kwenye picha ya mtamba mwekundu, isiyo na maelezo yoyote. Kisha akamwambia kwamba siku akiwa na shida yoyote kwake, aandike kwa mkono na majirani washuhudie. Jioni ile Osward alirudisha magunia, akiyabeba begani mwenyewe.

Linki ikaandikwa kwa chaki ukutani pa mashine. Kila aliyejua kisa aliifungua akacheka. Asiyekijua alikuwa mmoja, naye ni baba yake Luciana. Aliona jina la mkwe, akaona ng'ombe, akaridhika kabisa. Akaanza kujenga zizi.

Luciana alipiga simu. "Baba keshampa jina huyo ng'ombe. Mimi kisa nimekisikia chote. Kamtafute, na safari hii kwa jasho lako."

Osward aliomba karatasi kwa Getrude, akaandika polepole:

"Mama Mbuke, shikamoo. Linki yenye jina langu endelea nayo. Naomba kuchunga ng'ombe wako hadi utakapoona nimemstahili mtamba yule. Nitaamka mapema. Mashahidi ni majirani."

Polycarp alicheka mpaka akakaa chini, kisha akatia sahihi. Getrude akatia yake kwenye kona.

Osward akaikunja barua, akaifunga bahasha kwa tonge la ugali, akaikandamiza kwa kidole gumba, na kumkabidhi konda wa basi la Mchombe.