Amplifaya na Koti Namba 47

Jumatatu, 2 Machi

Nimependa. Si mtu, ni amplifaya ya gitaa.

Ilikuwa saa saba mchana. Bosi alinituma kununua kamba za kuanikia nguo, nikapita mbele ya duka la vyombo vya muziki, ikawa pale dirishani. Mtumba, lakini mtumba wa heshima. Kitambaa cha mbele rangi ya kahawia, mshikio wa ngozi, taa ndogo ya kijani. Vitufe vya kuzungusha vitano. Kimoja kilipotea zamani na mahali pake pamevishwa kifuniko cha dawa ya meno. Kifuniko hicho ndicho kilichonimaliza. Ingekuwa kamilifu ningejua ni ya watu wengine.

Mwenye duka, mzee mwenye penseli sikioni, aliniruhusu kuijaribu. Nikapiga noti moja. Mbwa aliyelala ng'ambo ya barabara akasimama! Mzee akasema naweza kulipa kwa mafungu manne, la mwisho kabla hajafunga duka Ijumaa ya tarehe 13. Nikichelewa siku moja, anamuuzia mwingine. Nikatoa akiba yangu yote hapohapo, fungu la kwanza.

Nikarudi kazini nimejaa muziki kichwani. Mimi ni mpiga pasi kwenye duka la dobi, miaka tisa sasa. Nikasahau pasi juu ya shati jeupe la mteja. Imeacha alama mgongoni, kamili, hata vitundu vya mvuke unaweza kuvihesabu. Bosi akanipongeza kwa kununua shati.

Kamba nilisahau kununua.

Jumanne, 3 Machi

Mazoezi ya bendi. Tuko wanne. Kiongozi, ambaye ni fundi bomba, anapiga ngoma. Yuko mpiga besi, ambaye hajawahi kutoa maoni. Halafu tuko wapiga gitaa wawili: mimi na Msumari, fundi simu, mwembamba mwenye kichwa kikubwa, na ndiyo sababu ya jina lake.

Amplifaya ya bendi ilikufa mwezi uliopita, ikitoa moshi. Leo Kiongozi ametangaza sheria: Jumamosi ya tarehe 14 kuna harusi kubwa, na atakayekuja na amplifaya yenye nguvu zaidi ndiye atakayepiga solo. Mwingine atapiga ridhimu.

Nimepiga ridhimu miaka sita. Chaka-chaka, chaka-chaka. Watu wakija kunipongeza baada ya sherehe huniuliza yule mpiga solo ni nani.

Msumari akasema ataazima ya binamu yake. Naijua. Ukubwa wa boksi la mkate, na sauti ya nyuki ndani ya chupa. Nilipowaambia nimepata yangu, akacheka na kuuliza nitailipia nini, vibanio vya nguo?

Nimemweleza mke wangu mpango mzima. Akauliza tutajinyima nini. Nikamwambia atakayejinyima ni mimi peke yangu, yeye hatagusa hata senti yake. Nikamkumbusha kwamba haba na haba hujaza kibaba. Akasema kibaba chake yeye ni cha unga.

Alhamisi, 5 Machi

Siku ya pili ya kwenda kazini kwa miguu. Nauli yote inabaki mfukoni! Saa moja kwenda, saa moja kurudi, mapafu yanafunguka, vidole vinacheza solo hewani njia nzima. Mama mmoja amevusha watoto wake upande wa pili wa barabara.

Jioni soli ya kiatu cha kulia ilibanduka. Fundi viatu akaitazama, akasema na ya kushoto iko njiani. Akashona zote mbili kwa bei ya nauli ya siku nne.

Kwa hesabu yangu, nikitembea siku mbili zaidi nitakuwa nimerudi nilipoanzia.

Jumamosi, 7 Machi

Nimeacha sukari nyumbani. Dhabihu kubwa, maana mimi ni mtu wa vijiko vinne. Ila nafidia kazini, kwenye chai ya bosi. Bosi ameligundua hilo na kuhamisha kopo la sukari kwenye kabati la sabuni. Nililipata leo asubuhi alipokwenda kupokea mashuka ya nyumba ya wageni. Kopo la bati, unga mweupe. Vijiko vinne haraka haraka, nikakoroga, nikanywa yote kabla hajarudi.

Lilikuwa kopo la wanga wa kukazia kola.

Hadi saa nane midomo ilikuwa haikunjiki. Wateja waliniona mtu mwenye msimamo. Tumbo nalo limesimama wima kama kola mpya. Mke wangu alipoona sili chakula cha jioni alinisifu kwa kubana matumizi, na sikuona sababu ya kumrekebisha.

Hata hivyo, chakula cha mchana cha wiki nzima sijanunua. Fungu la pili limelipwa! Mzee wa duka ameandika jina langu kwa penseli kwenye karatasi na kuibandika juu ya amplifaya. Jina langu, dirishani, barabara nzima ikisoma. Nimepita mara tatu kulisoma.

Jumatatu, 9 Machi

Fungu la tatu. Nimemuuzia jirani redio yetu. Sasa sikiliza akili hii: ukuta wetu na wake ni wa mbao, na jirani ana sikio zito. Kwa hiyo redio tumeiuza, pesa tumepata, na bado tunaisikia! Tena kwa nguvu kuliko zamani.

Mke wangu akasema jirani anasikiliza bei za mifugo tu, kuanzia alfajiri. Kisha akauliza redio ilikuwa yangu peke yangu tangu lini. Nikasema tutazoea.

Sasa najua bei ya mbuzi.

Alhamisi, 12 Machi

Kesho ndiyo mwisho na fungu la nne sina. Bosi hatoi mshahara kabla ya wakati. Nilipomwomba alinionyesha lile shati. Shemeji yangu, kaka yake mke wangu, hakupokea simu mara nne, na mara ya tano alipokea mtu aliyesema shemeji amesafiri, kwa sauti ya shemeji.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikainama kweli, mvunguni mwa kitanda, nikavuta sanduku. Suti yangu ya harusi. Nyeusi, imevaliwa mara saba. Muuza mitumba wa kona akaipapasa, akaigeuza, akasikitika sana kwa ajili yangu, akanipa kiasi kilekile nilichohitaji. Namkumbuka mke wangu akishona kifungo cha suti ile asubuhi ya ndoa yetu huku nimeivaa, akinionya nisipumue. Nilihuzunika kweli. Hadi kwenye kona ya pili.

Nyumbani nimesema suti iko kazini, inapigwa pasi kwa ajili ya Jumamosi. Mke wangu akasema njia ya mwongo ni fupi. Nikamuuliza ana maana gani. Akasema ni methali tu, imemjia.

Ijumaa, 13 Machi

YANGU!

Mzee wa duka alikuwa tayari ameshika kufuli nilipoingia mbio. Nimeibeba mwenyewe hadi nyumbani, nikipumzika kila nguzo ya tatu. Nimeiweka mezani. Mke wangu akauliza chakula kitaliwa wapi. Nikasema tutajadili. Nikaiwasha, taa ya kijani ikawaka, nikapiga noti moja. Jirani mwenye sikio zito akagonga ukuta! Nilitaka kulia.

Limebaki jambo dogo. Kiongozi amesisitiza suti. Harusi ni ya watu wenye nafasi zao. Lakini mtu anayefanya kazi kwa dobi kukosa koti ni sawa na samaki kulalamika kiu. Kuna koti moja la buluu iliyoiva, bitana ya hariri, saizi yangu. Namba 47. Kwenye daftari limeandikwa litachukuliwa Jumatatu. Kesho tunafunga saa sita, Jumapili hatufungui. Nitalivaa kwa muda wa saa nne tu na kulirudisha Jumatatu alfajiri, limepigwa pasi upya. Mteja anapata huduma mara mbili kwa bei moja.

Kila nguo kwetu hushonewa kipande cheupe chenye namba ndani ya kola, kwa uzi mwekundu, na hakikatwi mpaka mwenyewe aje na karatasi yake. Bosi huvihesabu vilivyokatwa kila jioni. Kwa hiyo kipande nakiacha. Nani atanichungulia ndani ya kola?

Jumamosi, 14 Machi, asubuhi

Kidogo moyo unitoke. Bosi alikuwa amekwenda kupeleka mashuka, mimi niko kaunta, koti namba 47 limo ndani ya mfuko miguuni pangu. Akaingia mzee mmoja mpole, sweta la kijani, mkononi karatasi namba 47. Anaomba radhi kuwahi. Kuna shughuli ya familia leo, angefurahi kupata koti lake kama liko tayari.

Nikamwambia bado bichi.

Akatazama jua nje. Nikamweleza kwamba kitambaa cha namna ile hukaushwa kivulini, polepole, la sivyo kinajikunja. Akanishukuru. Akasema siku hizi ni nadra kumpata dobi anayejali kazi yake. Nikamwambia karibu Jumatatu.

Jumamosi, 14 Machi, jioni

Niandike haraka kabla sijasahau, ingawa sidhani nitasahau.

Ukumbi umejaa. Mimi mbele, koti la buluu, amplifaya kando yangu, taa ya kijani. Msumari nyuma yangu na ridhimu. Chaka-chaka, chaka-chaka! Mke wangu meza ya mwisho, ana mfuko mkubwa mapajani. Nyimbo tatu za kwanza nilipiga kama mtu aliyefunguliwa kutoka gerezani. Bibi arusi alicheza. Wapishi walitoka jikoni wakacheza.

Kisha spika za ukumbi zikakatika, hotuba hazijaanza. Kiongozi akaniuliza kama amplifaya yangu ina tundu la pili la kipaza sauti. Linalo! Nikachomeka kwa mkono wangu mwenyewe. Nikakubali hata kuongeza sauti. Nikatamani mzee wa duka angeniona.

Mshereheshaji akamwita mzungumzaji wa kwanza, baba mdogo wa bwana arusi. Akaja taratibu, akasimama hatua moja kutoka kwangu, akashika kipaza sauti. Sweta la kijani.

Akawasalimu wageni. Akaomba radhi kwa kuja na sweta kwenye harusi ya mwanawe, maana koti lake bado bichi kwa dobi. Amplifaya yangu ikaipeleka kila silabi hadi kwenye maegesho. Nilijiinamia juu ya gitaa, nikajifanya nakaza nyuzi. Nikakaza uzi mmoja ukakatika. Mlio wake ukamfanya ageuke.

Alinitazama usoni. Akatazama koti. Akauliza, kwenye kipaza sauti, kwa upole uleule wa asubuhi, kama angeweza kuona ndani ya kola. Nikainama. Akasoma kwa sauti: arobaini na saba. Kisha akawaambia wageni kwamba anamshukuru Mungu, koti limekauka.

Ukumbi ulicheka dakika nzima. Mpiga besi, ambaye hajawahi kutoa maoni, alicheka mpaka akakaa chini.

Nikavua koti. Mzee akalivaa, akalisifu limenyooka vizuri, akaendelea na hotuba. Nikasimama mbele ya watu na shati. Lile jeupe. Sina jingine. Nilipogeuka kumtazama Msumari, ukumbi ukaiona pasi mgongoni na kuanza kucheka upya.

Ndipo mke wangu akaja mbele, katikati ya watu wote, na ule mfuko. Akatoa koti langu jeusi. Akanivisha, akafunga kile kifungo, akaniambia nisipumue. Alikuwa ameiona suti kwa muuza mitumba siku ileile ya Alhamisi, akaikomboa kwa pesa alizoweka za viatu vyake. Alikuwa na kila nafasi ya kuniacha niaibike, akachagua kunivisha. Badala ya kusema asante, nikampigia solo.

Wanasema ile solo ya mwisho ilikuwa nzuri kuliko zote, ingawa uzi mmoja ulikosekana.

Jumapili, 15 Machi

Nimeapa mbele ya mke wangu. Sitauza kitu cha nyumba tena. Sitagusa nguo ya mteja tena. Viatu vyake nitanunua kwa mshahara wa kwanza. Akasema sawa, akapeleka amplifaya chini na kurudisha sahani mezani.

Jumatatu, 16 Machi

Yule mzee amefika dukani na karatasi yake, amelivaa koti, akataka tu kipande kikatwe. Amemsimulia bosi yote, akicheka mpaka machozi. Bosi hakucheka. Nitapiga pasi mashuka Jumapili nne bila malipo. Nimepokea adhabu kiume.

Jumatano, 18 Machi

Msumari anasambaza habari kwamba nilipata solo kwa bahati. Tena leo nimepita kwenye duka la vyombo vya muziki, kusalimia tu, na dirishani kuna amplifaya mpya. Kubwa. Spika mbili! Juu yake karatasi, na kwenye karatasi jina la Msumari kwa penseli. Fungu moja tu kalipa. Mzee wa duka akasema atakayemaliza mafungu yote kwanza ndiye atakayeichukua, yeye ni mfanyabiashara.

Tarehe 28 kuna harusi nyingine.

Nimetafakari kwa utulivu, kama mtu aliyefunzwa na maisha. Suti imerudi sandukuni, na muuza mitumba anajua bei yake. Kwenye kamba ya tatu kuna koti la kijivu, namba 52, saizi yangu, litachukuliwa Jumatatu ya tarehe 30. Kosa langu mara ya kwanza nimeliona wazi, na sitalirudia. Mwenye koti akija mapema, sitamwambia liko bichi.

Nitamwambia liko kwenye pasi.