Wimbo Rahisi wa Kumshinda Kitsukawa

Jumatatu, 4 Machi

Mkuu wa kiwanda katangaza asubuhi. Jumamosi saa sita mchana tunamuaga Bi Morozumi, anayestaafu baada ya kung'arisha vijiko miaka thelathini na tisa. Alipoulizwa anataka sherehe gani, akajibu kwa sauti ya chini: karaoke, na kila mtu aimbe wimbo mmoja wa anime, zile katuni za Kijapani. Tuliduwaa. Hatukujua kama anatazama katuni. Hatukujua lolote kumhusu, nikifikiri vizuri.

Kitsukawa wa mauzo hakuchelewa. Ataimba ule wa roboti za angani, unaopanda mpaka mtu anaona nyota. Kisha akanigeukia mbele ya ofisi nzima. "Ndugu yangu Nagakubo, wewe utatusaidia kupiga makofi, sivyo?"

Wakacheka. Nikacheka nao, kwa adabu. Debe shinda haliachi kutika. Atanitambua. Yeye achague mgumu, mimi nitachagua rahisi kuliko zote, mashine ya karaoke, inayompa kila mwimbaji alama kwa mia, inipe nyingi, yeye ndiye apige makofi.

Jumanne, 5 Machi

Saa ya chakula nilikwenda karaoke ya stesheni, chumba cha mtu mmoja. Nilichagua wimbo wa paka anayeendesha treni. Watoto wa chekechea huuimba huku wakila biskuti. Mfupi, sauti haipandi, kila mtu anaujua.

Kumbe watoto wana mapafu ya ajabu. Katikati paka anataja vituo kumi na vinne bila kupumua. Mimi niliishia cha sita.

Lakini ile skrini! Sikuwahi kuitazama kwa makini. Kila noti ya wimbo ni kijiti cha rangi, na sauti yako inapita juu yake kama kimulimuli. Niliduwaa kuona sauti yangu ina umbo. Umbo lenyewe lilikuwa chini ya vijiti mwanzo hadi mwisho, lakini ni langu.

Alama 54. Mashine ikaandika: "Una ujasiri." Nimeichukulia kama sifa.

Jumatano, 6 Machi

Kosa la jana ni kasi. Leo nilichagua wimbo wa konokono anayehama nyumba. Noti tano tu. Polepole mno.

Sikujua kwamba wimbo wa polepole ni mgumu kuliko wa haraka. Wa haraka unakuficha. Huu unakusimamisha peke yako na noti moja, uibebe kama beseni lililojaa maji, na kila mtu aone unavyomwaga. Nikamwaga. Alama 51.

Nilikuwa nimekaa nikila tonge langu la wali nilipousikia tena, ukutani. Konokono yuleyule. Mtu wa chumba cha pili alikuwa anauimba.

Sijui niandikeje. Mkono ulibaki hewani na tonge. Noti zile tano, nilizoziburuta kama magunia, zilikuwa zinatembea zenyewe. Palipokuwa na kimya, kimya nacho kiliimba. Vinyweleo vya mikono vilinisimama. Nikatoka kimyakimya, nikachungulia kwenye kioo cha mlango.

Bi Morozumi. Amesimama wima na aproni ya kazini, macho amefumba.

Alhamisi, 7 Machi

Sikulala vizuri. Asubuhi nilikwenda kwenye meza yake, nikamwambia nimemsikia. Hakuona haya. Alisema huenda pale kila Jumatano, miaka ishirini sasa, na nyumbani hutazama katuni zote kwa ajili ya nyimbo. Nikamuuliza mbona kazini hajawahi hata kuguna wimbo.

"Anayeng'arisha anasikiliza gurudumu la kung'arishia, mwanangu. Kijiko kikitaka kuungua, gurudumu linakwambia kwanza. Ukiimba, hulisikii."

Miaka thelathini na tisa amenyamaza ili avisikilize vijiko.

Kisha wazo likanijia. Tuimbe pamoja! Watu wawili, maiki mbili, wimbo wa konokono. Yeye aimbe, mimi nichezeshe midomo, maiki yangu nimeizima. Sehemu hii ya mwisho sikumwambia. Akakubali, akasema hajawahi kuimba na mtu.

Ijumaa, 8 Machi

Mazoezi, saa ya chakula. Bi Morozumi amenipa ushauri: niache kutafuta wimbo rahisi. Nitafute ule niliokuwa nikiuimba utotoni bila kujua kwamba naimba. Huo ndio wangu, hata ukiwa mgumu.

Ushauri mzuri sana kwa watu wengine. Mimi nimetumia muda huo kujifunza kuzima maiki kwa kidole gumba bila kuangalia.

Jumamosi, 9 Machi

Watu kumi na wanane, chumba kikubwa, kuku wa kukaanga na chai ya shayiri. Kitsukawa akaimba roboti zake. Alama 93. Akainama mara tatu, akasema, "Haya Nagakubo, usituumize sana."

Nikaandikisha jina langu kwenye mashine, nikachukua maiki mbili mezani, nikazima moja kwa kidole, moja nikampa Bi Morozumi.

Nilimpa iliyozimwa.

Ubeti wa kwanza wote walinisikia mimi. Mimi tu. Nilidhani nachezesha midomo, kumbe nilikuwa nanong'ona, na maiki ikanong'ona mara mia. Mtu alikohoa. Mkuu wa kiwanda akatazama viatu vyake.

Bi Morozumi akaitazama maiki yake, akaiweka mezani taratibu. Akavuta pumzi, akaimba bila maiki.

Sauti ilijaza chumba mpaka glasi zikatetemeka. Si kelele. Ilikuwa kama vile ukuta mmoja umeondolewa na nje kuna mlima. Wenzake wa meza ya kung'arisha, waliokaa naye bega kwa bega miaka yote, walimtazama kama mgeni aliyeshuka leo. Mmoja alimshika mkono mwenzake. Kitsukawa aliweka chini vijiti vyake vya kulia chakula, na machozi yakamtoka bila yeye kuyafuta. Mimi nilisahau mpango, nilisahau kuimba, nikabaki nimenyoosha maiki kwake kama mtu anayekinga mvua kwa mikono.

Wimbo ulipokwisha, Bi Morozumi akatuinamia na kusema, "Nilikuwa nawasikia nyote. Sasa nanyi mmenisikia." Ndipo chumba kikapasuka kwa makofi.

Skrini ikawaka: Nagakubo, alama 98.

Jumapili, 10 Machi

Nimetafakari kwa utulivu. Bi Morozumi ni maajabu, nitasema hivyo maisha yangu yote. Lakini mashine haina upendeleo, na mashine imeandika jina langu. Kutoka 51 hadi 98 kwa siku tatu. Kwa mwendo huo, nyimbo rahisi sasa zinanidumaza.

Saa nne asubuhi nilikuwa karaoke, peke yangu, na roboti za angani za Kitsukawa.

Alama 49.

Nimewaambia wahudumu kwa upole kwamba mashine ya chumba hiki ina kasoro. Wamenipa chumba kingine.