Kaimu wa Nani?

Kabla hajawa mheshimiwa, Mteremko aliingia jengo la halmashauri kutafuta choo.

Tusimcheke. Wengi wameingia humo na shida kubwa kuliko hiyo na hawakusaidiwa. Yeye choo alikipata, ila kilikuwa na kufuli, na katika kutafuta kingine akapita mbele ya mlango ulioandikwa kwa rangi nyeupe neno moja tu: KAIMU. Kaimu wa nani, mlango haukusema. Fundi rangi aliambiwa asubiri cheo kikamilike. Akasubiri, akachoka, akaondoka na brashi yake.

Mteremko alisimama akalitazama neno lile kama mwanafunzi anayeona jina lake kati ya waliofaulu. Yeye mwenyewe jina lake alipewa na watu waliowahi kumsikiliza, kwa sababu maneno yake hayapandi kilima. Ukianza kuyafuata unateleza tu, na ukishtuka uko bondeni, mifuko imetoka nje kama masikio ya mbuzi. Silaha hakuwa nayo, wala kalamu. Miji yote aliyowahi kuishi aliiacha kwa miguu, tena mbio, na sasa alikuwa na ndoto moja maishani: kuuacha mji mmoja, walau mmoja, akiwa ameshika usukani.

Akasukuma mlango. Ndani mlikuwa na meza, feni, kiti cha kuzunguka, na vumbi lililotulia kama mtumishi mwenye ajira ya kudumu. Akafuta kiti kwa leso, akakaa, akazunguka kidogo kupima cheo. Cheo kilimkaa vizuri kuliko suruali yake.

Hodi ikapigwa.

Aliyeingia ni Bwana Povu, mwenye kiwanda cha sabuni, mtu mnene mwenye kunukia ndimu ambayo haijawahi kuota juu ya mti. Alikuwa amezungushwa ofisi zote za jengo lile, na jasho lake lilikuwa limeanza kutoa mapovu.

"Wewe ndiye Kaimu?"

"Mlango umekwambiaje, mzee wangu?"

"Kaimu wa nani?"

"Wa yule aliyesafiri."

Bwana Povu akainamisha kichwa kwa heshima. Mji mzima ulijua kwamba kila mkubwa amesafiri.

"Mheshimiwa, sitakuchosha. Nataka Barabara Kuu iitwe kwa jina langu. Mimi ndiye ninayewaogesha watu wa mji huu!"

"Na mto pia unauogesha. Nimeliona povu nilipokuwa ninavuka kwa kuruka mawe."

"Umeona eh! Sasa nasikia shemeji yangu, yule wa kiwanda cha misumari, naye anaitaka. Shemeji yangu! Mtu ambaye mchango wake kwa barabara za mji huu ni pancha!"

Barabara Kuu ndiyo barabara pekee yenye lami. Nyingine zote ziliitwa "ile pale". Mteremko akafumba macho, akaunganisha vidole, akatoa mguno wa mtu anayebeba taifa mgongoni.

"Inawezekana. Ila barabara haipewi jina na mtu aliyekaa, mzee. Lazima ikaguliwe, yote, kwenda na kurudi. Na ofisi hii haina usafiri." Akachungulia dirishani. "Lile pikapu jekundu pale nje ni la nani? Sisemi kitu. Nasema tu linaonekana lina haya, kusimama bila kuutumikia umma."

Bwana Povu aliweka funguo mezani kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa mahari.

Hajamaliza kushuka ngazi, hodi nyingine. Huyu ni Bwana Misumari, shemeji mtu, mkavu na mwembamba, kichwa bapa, kazi yake imemfuata hadi mwilini. Naye alitaka Barabara Kuu. Tapeli wa kawaida angesema imekwisha. Ndiyo maana tapeli wa kawaida hatungiwi hadithi.

"Umechelewa kidogo, mzee," alisema Mteremko kwa huruma. "Barabara ina kwenda na ina kurudi. Kwenda kumeshachukuliwa. Kurudi kupo."

"Kurudi?" Bwana Misumari akakunja uso. "Yaani niwe wa makombo?"

"Makombo! Hebu fikiri. Anayekwenda anakwenda wapi? Kazini. Amenuna, analaani kila kibao anachopita. Anayerudi anarudi kwake, kwa mkewe, kwa wanawe, anapiga mluzi. Wewe unataka jina lako lisomwe na yupi?"

Bwana Misumari akatabasamu, jambo ambalo uso wake haukulizoea. Akauliza ofisi ina shida gani. Ofisi ilikuwa na shida ya umeme. Basi vijana wa kiwandani wakaleta jenereta jipya, wakalipakia kwenye pikapu, wakalifunga kamba. Mteremko akawaagiza walifunge vizuri, maana barabara za nje ya mji, alisema kwa uchungu wa kiutumishi, bado ni mbovu.

Akachukua funguo. Ndoto ilikuwa ngazi chache chini yake. Akafungua mlango, akagongana na Meya.

Meya alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya kumbembeleza mtoto mwenye homa. Akamtazama Mteremko, akatazama kiti kilichofutwa, akapiga makofi.

"Kaimu! Jamani umekuja! Tumekusubiri hadi tukakata tamaa!"

Mteremko aliwahi kudanganya watu wa kila aina, lakini hakuwahi kukutana na mtu anayemsaidia kazi. "Ndiyo, mama," akasema, "ila nilikuwa natoka kidogo, naenda..."

"Kukagua barabara. Siku ya kwanza tu! Waliokutangulia walilia hawana gari, wewe umefika na lako. Na jenereta juu! Lete funguo, mwanangu, mlinzi alisogeze kivulini, limeziba njia ya wageni."

Hapa ndipo mjanja wetu alipokosea. Kaimu gani anamnyima Meya funguo? Akazitoa, akitabasamu, na moyoni akamhurumia yule mama kwa kudanganyika upesi hivyo.

"Wageni gani, mama?"

"Wakaguzi wa kutoka juu. Njoo uwasalimie, neno moja tu, kisha uende kazini kwako."

Ukumbini madiwani walikaa kimya, mikono mapajani, kama watoto wanaojua nani kavunja dirisha. Wananchi wachache walikuwa viti vya nyuma, na kati yao mashemeji wawili, kila mmoja akimtazama mwenzake kwa huruma ya mshindi. Mkaguzi Mkuu, mwanamume mrefu mwenye miwani mizito, alikuwa amesimama.

"Daraja la mtoni," alisema, "limejengwa, likakarabatiwa, likapanuliwa. Hayo yote tumeyasoma. Leo tumekwenda mtoni. Tumeona mto. Nauliza tena: anayehusika na daraja ni nani?"

"Kaimu!" waliitikia madiwani, wote, kwa sauti moja. Hawajawahi kukubaliana namna hiyo hata juu ya saa ya chai.

Meya akamsukuma Mteremko mbele kwa upole, kisha akanong'ona kwamba anatoka dakika moja, kuna simu.

Sasa Mteremko akaelewa kwa nini ofisi ile haikuwa na kufuli na choo kilikuwa nalo.

"Waheshimiwa," akaanza, "kuna makosa. Mimi si Kaimu."

"Wote waliokaa ofisi ile husema hivyo," alijibu Mkaguzi.

"Mimi niliingia kutafuta choo!"

"Na hilo pia husemwa."

Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, Mteremko akaamua kusema kweli. Ilimtoka kwa shida, kama mwiba wa samaki. "Mimi ni tapeli!"

"Hicho si cheo," alisema Mkaguzi. "Mimi nimeuliza cheo." Na diwani mmoja wa mstari wa mbele akamvuta shati: "Kaka, usijitenge na wenzako."

Huenda angesikilizwa, kama Bwana Povu asingeruka juu ya kiti.

"Muongo! Huyu ni Kaimu halisi! Amenihudumia leo hii!"

"Hata mimi!" Bwana Misumari naye akasimama. "Akiwa si Kaimu, basi barabara yangu si yangu!"

"Barabara yako ipi?"

"Kuu!"

"Kuu ni yangu, shemeji!"

"Yako ni kwenda! Ya kwenda kazini na kununa! Mimi ni kurudi!"

"Kurudi wapi? Pancha wewe!"

Wakashikana makoti. Mteremko alitazama vita ile, na maneno yake yakaanza tena kuteremka. Lugha yetu ni karimu kwa wenye vyeo: mtu hukaimu, hukaimisha, hukaimishwa, na wakizidi hukaimiana. Akapanda juu ya meza.

"Waheshimiwa! Nimekubali. Mimi ni Kaimu. Na kwa mamlaka ya ukaimu wangu, kuanzia sasa naenda likizo, na ninamkaimisha raia mmoja mwema awe Kaimu wa Kaimu, mwenye neno la mwisho juu ya majina ya barabara zote. Nani yuko tayari?"

"Mimi!" walisema mashemeji, na ngumi ya kwanza ikatua. Madiwani wakainuka kuamua, wengine kuweka dau. Mteremko akashuka upande wa pili wa meza, akapita nyuma ya pazia, akatokea uani.

Ua ulikuwa mtupu. Pale kivulini palikuwa na tone la mafuta, na mlinzi aliyepiga saluti.

"Pikapu liko wapi?"

"Mheshimiwa Meya amesafiri nalo."

"Na jenereta?"

"Nalo pia. Na mapazia ya ofisini kwake, na feni. Anakusalimu sana. Amesema kuanzia leo umeya unakaimu wewe."

"Anarudi lini?"

"Hakusema, mheshimiwa. Ila alipiga mluzi."

Mteremko akageuka kulitazama lango. Mkono mrefu ukamshika begani, mkono mkavu uliozoea kushika mabega ya watu wanaotazama malango.

"Hongera kwa kupanda cheo," alisema Mkaguzi Mkuu. "Wale wa ndani wanagombea nani awe chini yako. Mimi sina haja nao. Daraja liko wapi, Kaimu Meya?"

Mteremko akafungua mdomo, ule mdomo ambao haukuwahi kumwangusha.

"Limesafiri," akasema. "Lakini lipo linalokaimu."

Mkaguzi akavua miwani, akaifuta taratibu, akaivaa. Ng'ambo ya ukuta povu la mtoni lilikuwa linapanda, jeupe, zito, likifunika mawe ya kuvukia, likinukia ndimu.

"Vizuri," akasema. "Twende. Utatangulia wewe kuvuka."