Malalamiko Kuhusu Faili Zinazotoka Kesho

Kwako Ndugu Pacha wangu, mshirika mwenza katika mradi wetu wa programu ya maduka ya dawa,

KUH: KUISHI KWAKO KESHO BILA KIBALI CHA FAMILIA

Natumaini barua hii itakukuta mzima, popote ilipofikia siku huko mashariki ulikokwenda kusoma. Sisi huku bado tuko leo.

Naandika kwa masikitiko, na kwa heshima zote anazostahili mtu aliyenifuata tumboni. Kama unavyojua, mfamasia wa pale kona, mteja wetu wa kwanza na hadi sasa wa pekee, ametupa muda hadi Ijumaa. Programu isipomwonyesha ni dawa zipi zimepita muda wake, atarudia kalamu na karatasi, nasi tutarudia kuitwa "wale watoto wa mwalimu wanaochezea kompyuta". Kazi tuligawana vizuri: wewe unaandika sehemu yako huko, mimi huku nakusanya faili zako na zangu, kisha naiagiza mashine izijenge ziwe kifurushi kimoja cha kusakinisha dukani. Wiki nzima hakijajengeka. Sababu ni wewe. Naomba nifafanue.

1. Mashine inazikataa faili zako. Kila asubuhi unatuma mpya, najenga papo hapo, nayo inagoma na kuandika kwamba zimetengenezwa wakati ambao haujafika. Zangu inazipokea bila neno. Nimezima na kuwasha, nimefuta na kupakua upya, nimeukagua ukanda wa saa na kuukuta ni wetu, hata kuibembeleza nimeibembeleza. Najua utasema kwamba kila faili hubeba ukanda wake, na mashine huweza kuzigeuza saa za huko kuwa za huku. Hayo tulifundishwa darasa moja, dawati moja. Lakini mashine haikusoma nasi. Inamwona mtu analeta leo kazi ya kesho, na kwa uaminifu wake inamrudisha mlangoni.

2. Kesho hiyo umeanza kuitumia dhidi yangu. Jumapili, sisi tukiwa bado tunamalizia mapumziko, wewe tayari unaniandikia kwa hasira za Jumatatu: "Dada, umefikia wapi?" Sijafika popote. Ni Jumapili. Kwa mtindo huu nitaonekana mvivu maisha yangu yote, kwa kosa la kubaki nyumbani.

3. Siku yetu ya kuzaliwa. Hili liliniuma. Mimi nilikutangulia duniani, na mkunga ni shahidi. Mwaka huu tarehe ikakufikia wewe kwanza, ukatuma ujumbe: "Kuanzia sasa mimi ndiye mkubwa. Lete shikamoo." Mjomba alipousoma alicheka hadi akavua miwani. "Mpwa wangu," akasema, "sheria ni sheria, muamkie kaka yako." Tangu hapo ananiita Kitindamimba mbele ya wageni.

4. Unatuficha mambo. Kama kesho inaanzia kwako, basi unajua yaliyomo. Kwa nini hukutuambia kwamba bomba la jikoni lingepasuka? Mama aliamka akakuta sufuria zinaelea, na viatu vyangu vya kazini vikizifuata kwa nyuma. Hata jirani ambaye hatusalimiani naye angetuonya. Na hiyo Ijumaa ya mfamasia nayo utaifikia kabla yangu. Utakuwa umekwisha kujua kama tumempoteza, huku mimi bado nahangaika peke yangu, kando ya kiti chako ambacho Mama haruhusu mtu akikalie.

5. Nimetafakari suluhisho kwa kina. Kuiomba nchi nzima uliyopo isogee huku ni kuwasumbua watu wasio na hatia. Kuhusu jua, sijui ni ofisi gani inayohusika. Njia iliyobaki ni nyepesi na haihitaji mhuri: urudi nyumbani. Ukae kwenye kiti chako, faili zako ziwe za leo kama za watu wengine, na ukiniuliza nimefikia wapi, ugeuke tu uangalie. Usipokubali, nitalazimika kukuondoa kwenye mradi. Nakala ya barua hii atapewa Mjomba, ingawa najua atakuwa upande wako.

Wasalimie wenzako wote wa bwenini, mwalimu wako yule mkali, na yule rafiki unayemtaja mara nyingi mno kwa mtu ambaye ni "wa kusoma naye tu". Mama anakusalimu, anauliza kama unakula. Usimjibu kwa picha ya sahani tupu.

Wako wa leo,
Pacha wa Kwanza

Nyongeza: Kabla sijaituma, Mama ameingia akaniuliza kwa nini nimenuna. Nikamwambia mashine haielewi saa. Akashangaa: "Sasa si nimeshairekebisha!" Kumbe wiki iliyopita alikuwa anafuta vumbi asubuhi, saa mbili, akaona kompyuta imeandika nane. Mtu aliyefundisha nusu ya mtaa huu kusoma saa hakuweza kuvumilia. Nenosiri ni jina lake, basi akafungua, akairudisha hadi mbili. "Ilikuwa inakudanganya, mwanangu, na wewe umekaa tu unaiamini." Kwa hiyo mashine ilikuwa nyuma kwa saa sita, na kila ulichotuma kilifika kikiwa hakijazaliwa. Nami kila asubuhi nilipoitazama niliona mbili, na ilikuwa saa mbili kweli, nikapita zangu. Nimeirejesha. Kifurushi kimejengeka mara moja, faili zako zote zimo, na mfamasia amekisakinisha mwenyewe huku akiniita "mhandisi".

Basi hoja zote nimezifuta, na kwenye mradi unabaki. Ombi la kurudi sijalifuta.